Kwa nini bamba linateleza kwenye meza ya sumaku

Ndugu, umesema bamba lako la chuma la milimita 3 lilichomoka kwenye meza ya sumaku (inayoshika chuma kwa sumaku badala ya vibano) ulipolikata kwa milingi, mashine ya kukata kwa kisu kinachozunguka, ingawa ulipolivuta kwa mkono halikubanduka. Pole sana, na tushukuru Mungu halikukupata usoni.

Sumaku inavuta kwenda chini. Likisukumwa ubavuni, kinacholizuia ni msuguano tu, ambao ni mdogo kuliko nguvu ya kuvuta, na mafuta yakipenya chini unapungua zaidi. Kisu cha milingi kinasukuma ubavuni, tena kwa kugongagonga. Bamba jembamba nalo halipitishi nguvu yote ya sumaku. Ndiyo maana meza hizi zimezoeleka zaidi kwenye mashine ya kusaga kwa jiwe, inayokwangua kidogo sana kila mpito.

Ukilazimika, lizungushie vipande vya chuma vyenye kimo kidogo kuliko bamba, hasa upande linakosukumiwa, vilibane lisisogee. Futa meza mpaka kiganja kisihisi hata chembe moja ya vumbi la chuma. Kata kidogo kidogo.

Halafu angalia kama bamba limepinda. Sumaku italinyoosha, utalisaga litoke safi, ukizima tu linarudia mpindo wake! Mimi huchomeka karatasi nyembamba chini ya sehemu iliyoinuka kabla ya kuwasha, nasaga juu, kisha nageuza nisage upande wa pili.

Alumini, shaba na chuma cha pua cha aina ya 304 sumaku haivishiki. Hivyo peleka kwenye vaisi (jiriwa).