Miwani Haikai Kofiani: Majibu kwa Askari na Jamaa Zao

*Afande, kikosi chetu kinajiandaa kwenda Somalia. Hiyo miwani ya kivita inazuia risasi kweli?* (Koplo, Bombo)

Haizuii, afande. Risasi ya bunduki ikikujia usoni, miwani haitairudisha. Lakini adui mkubwa wa jicho vitani si risasi, ni takataka za mlipuko: chembe za chuma, kokoto, mchanga, vioo vya gari. Tangu jeshi letu la Uganda liingie Mogadishu mwaka 2007, bomu la kutegwa barabarani unalijua kuliko mimi. Chembe ndogo kama punje ya mtama, ambayo ikiingia pajani utabandikwa plasta uendelee na doria, inatosha kupasua jicho. Hizo ndizo miwani inazozuia. Lenzi zake ni za polikaboneti, plastiki ya jamii ile ile ya ngao za askari wa kutuliza ghasia. Jeshi la Marekani huzijaribu kwa kuzifyatulia kichembe cha chuma chenye kasi ya karibu mita 200 kwa sekunde.

*Nimenunua miwani nyeusi sokoni Owino. Si inatosha?*

Weusi si ugumu. Inakukinga jua tu, na kama ni ya kioo, ikipasuka vipande vyake vinaingia machoni mwako. Tafuta maandishi Z87+ kwenye fremu, alama ya kiwango cha Marekani cha miwani ya kinga. Hiyo alama ya kujumlisha maana yake imejaribiwa kwa kugongwa kwa nguvu. Sokoni nako alama hubandikwa hata kwenye takataka, kwa hiyo ya jeshi ukipewa, itunze. Usiifute kwa petroli, inakula plastiki. Imwagie maji vumbi litoke kwanza, ndipo ufute.

*Mwanangu anasema inashika ukungu, kwa hiyo anaipandisha kwenye kofia ya chuma.* (Mama askari, Gulu)

Mama, namwelewa kijana: jasho, joto, fulana ya kinga, halafu haoni mbele. Aombe lenzi zilizopakwa dawa ya ukungu, na akisimama mahali salama aisogeze kidogo ipate hewa. Usiku avae lenzi nyeupe zisizo na rangi, si nyeusi. Lakini bomu halipigi honi. Miwani iliyo juu ya kofia wakati huo inalinda kofia.

*Mwenzangu akichomwa na kipande jichoni, nikitoe?*

Usikiguse. Usisugue, usioshe, usitie dawa ya matone, na zaidi ya yote usikandamize. Watu wengi wanakosea hapa: wanafunga bendeji ya kubana kama ya mguu, na vilivyomo ndani ya jicho vinasukumwa nje. Chukua kitu kigumu kilichobonyea katikati, hata kitako cha kikombe cha karatasi, kiegemee kwenye mifupa inayozunguka jicho bila kuligusa, ukibandike kwa plasta. Mlaze kichwa kikiwa juu, asile wala kunywa maana huenda akapasuliwa, mkimbize. Ikiwa ni kemikali iliyomwagika, mambo yanageuka: hapo maji, tena mengi, papo hapo, kwa nusu saa.

*Mume wangu aliumia jicho la kushoto wiki tano zilizopita. Sasa la kulia linauma mwangani na linaona ukungu. Ni uchovu?*

Dada, usisubiri. Ni nadra, lakini jicho lililotobolewa linaweza kuufanya mwili ulishambulie lile zima. Likiwahiwa, dawa zipo. Mpeleke kwa daktari wa macho leo, na umwambie tarehe aliyoumia.