Kabla hujaisingizia kadi

Kadi ya grafiki (ile inayotengeneza picha ya kwenye kioo) ya kwanza niliyoitangazia kifo ilikuwa nzima. Ilitoka Kariakoo kwa basi, zaidi ya kilomita 800, ikapanda mlima Kitonga ikiwa ndani ya boksi la viatu, na mwenyewe, kijana anayehariri video za harusi na sendofu, akaniletea mezani Mwanjelwa, hapa Mbeya, ikiwa bado na plastiki yake. Nikaichomeka. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi tii. Baada ya saa mbili za kuhangaika nikamwambia, "Kaka, hapa umeuziwa maiti." Akairudisha Dar. Siku ya tatu muuzaji akatutumia video fupi: kadi ileile, namba ileile ya mgongoni, inafanya kazi bila hata kukohoa.

Kosa lilikuwa waya. Monita ya yule kijana ilikuwa ya VGA tu, tundu la picha la zamani, na kadi yake haikuwa na tundu la VGA. Nikachukua kwenye droo yangu waya wenye HDMI upande huu na VGA upande ule, nilioununua kwa bei ya kutupa na ambao sikuwahi kuujaribu. Waya wa aina ile ndani yake hauna kitu, ni nyuzi tu. HDMI hutoa ishara za kidijitali, VGA inataka za analogi, na lazima pawe na chipu ya kugeuza katikati. Nilishuku kadi, nikashuku pawasaplai (kigawa umeme), ramu (kumbukumbu) na mazabodi (bodi kuu). Waya sikuushuku kwa sababu ulikuwa wangu.

Ndiyo maana wadogo zangu mnaoanza kukaa benchi nawaambia: kagua kwanza kile ulichokishika wewe, ndipo umfikie mteja na muuzaji. Siku mbili za mwanzo jaribu kila waya na adapta ya droo yako kwenye mashine unayojua ni nzima, uweke alama ya kalamu. Usiojibu, utupe. Usiurudishe droo ukisema utaujaribu tena.

Kioo kikiwa cheusi, zunguka nyuma ya mashine kabla ya kugusa bisibisi. Kompyuta nyingi zina matundu ya picha sehemu mbili: yale ya mazabodi, yaliyosimama pamoja na ya USB, na yale ya kadi, yaliyolala chini yake. Mteja akishafunga kadi kwake nyumbani, mara nyingi monita ameiacha palepale ilipokuwa. Mazabodi nyingi zikishaona kadi huzima matundu yake zenyewe, kwa hiyo anaona giza na kusema "CPU imekufa". (CPU hasa ni prosesa, ila kwake ni boksi zima. Usimrekebishe, mwelewe tu.) Hamisha waya, na kazi imeisha hapo. Kama kadi ina DisplayPort na HDMI, anza na HDMI, kwa kuwa zipo kadi za miaka ya nyuma zilizokuwa zikionyesha giza kwenye DisplayPort mpaka Windows ifunguke.

Ukitaka kurudi nyuma utoe kadi ili upime kwa grafiki ya ndani ya prosesa, hakikisha kwanza hiyo grafiki ipo. Prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia na F hazina, na Ryzen za AMD nyingi za kabla ya mfululizo wa 7000 hazina isipokuwa zile zenye G. Nimewahi kumkuta kijana anatoa ramu na kurudisha, anatoa na kurudisha, kwenye mashine ambayo bila kadi isingeonyesha kitu hata ingewekewa ramu ya dhahabu.

Sasa umeme, ambao kwa huku kwetu ndio wenye kesi nyingi. Mashine zinazotufikia kwa wingi ni za mtumba wa maofisini: Dell OptiPlex, HP, boksi jembamba, imara, bei nafuu. Pawasaplai zake zilipimwa kwa kazi ya ofisi. OptiPlex 7010 ile ndogo ina wati 240, na 9020 ile kubwa ina 290. Sloti ya PCIe, ile inayochomekwa kadi, yenyewe hutoa hadi wati 75. Kadi kama GTX 1650 isiyo na tundu la umeme wa ziada inaishi hapo hapo, na GT 1030 inakula kama 30 tu. Lakini mtu anakuja na RX 580, yenye kula wati 185 peke yake, anataka uichomeke kwenye 240. Hapo prosesa na diski hazijala bado.

Cha kupotosha ni kwamba mashine hiyo huenda ikawaka vizuri. Utaona Windows, utafungua picha, mteja atafurahi, atalipa. Akifika nyumbani akianza kutoa video, au gemu likipamba moto, inazima kama mtu amechomoa waya. Atakupigia simu aseme ni virusi. Mashine inayozima pale tu mzigo unapopanda, halafu ikiwashwa inarudi kama kawaida, mimi huanza na pawasaplai. Fungua ubavu, soma kibandiko, jumlisha, acha nafasi ya kupumulia. Pini sita zinabeba wati 75, pini nane 150, na zote zichomekwe. Kadi nyingine ikikosa hizo pini itakuandikia ujumbe kwenye kioo, nyingine itanyamaza tu na feni zake zikizunguka.

Kuna ujanja wa kuchukua umeme wa diski, ule wa SATA, ukaugeuza kwa adapta kuwa pini sita. Usifanye. Plagi ya SATA kwenye volti 12 imepangiwa kama wati 54, na unaiomba 75. Harufu ya plastiki iliyoungua kwenye kibanda kidogo haitoki siku mbili. Na kwenye baadhi ya hizo OptiPlex plagi ya pawasaplai kwenda mazabodi si ile ya kawaida, kwa hiyo usimuahidi mteja kubadilisha pawasaplai kabla hujaichungulia. Mara nyingine ushauri wa haki ni kumwambia akabadilishe kadi, achukue ndogo, na mwenye boksi jembamba achukue ya kimo kifupi. Atanuna. Mwache anune.

Kuichomeka kwenyewe kuna mambo machache. Zima swichi ya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Kuanzia Juni mpaka Agosti hewa ya hapa inakuwa baridi na kavu, na sote tumevaa masweta. Ukilivua gizani unaona cheche. Hizo cheche hazifai karibu na chipu, na nyumba nyingi waya wa ardhini ni jina tu, kwa hiyo gusa chuma tupu cha boksi kwanza na uendelee kukigusa. Tumia sloti ndefu iliyo karibu na prosesa. Sukuma mpaka kufuli ya mwisho wa sloti ilie, halafu funga skrubu. Mashine ikiwa imeletwa kwa bodaboda kutoka Uyole, kandamiza kadi tena, hata kama jana uliifunga wewe mwenyewe.

Bado giza? Toa betri ya mazabodi, ile CR2032, dakika chache, urudishe, ili mipangilio ya BIOS, programu ya mazabodi inayoamsha mashine, irudi ya kiwandani. Kisha kwenye BIOS tafuta kipengele kinachochagua grafiki ya kuanzia. Mazabodi za mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakati mwingine hukataa kadi mpya mpaka BIOS isasishwe. Kusasisha BIOS bila UPS (betri ya kushikilia umeme) kwenye mtaa ambao umeme unaweza kukatika ni kucheza kamari na mashine ya mwenzako, nami siifanyi hata nikiombwa. Na badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili vitatu ikawaka, hujajifunza kitu.

Draiva, programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Picha ikionekana kubwa na nzito, Windows inatumia draiva ya msingi, kadi si mbovu. Pakua inayofaa kwenye tovuti ya NVIDIA au AMD. Faili ni la mamia ya megabaiti, kwa hiyo weka nakala kwenye flashi usimalize bando kila mteja anapokuja. Kama kulikuwa na kadi ya kampuni nyingine, safisha kwanza draiva yake kwa programu ya Display Driver Uninstaller.

Draiva ikigoma kabisa, au orodha ya vifaa ya Windows ikatoa hitilafu namba 43, hapo ndipo mimi huanza kumtazama muuzaji. Zipo kadi bandia: GTX 550 Ti ya mwaka 2011 iliyoandikwa upya programu yake ya ndani ijiite GTX 1050 Ti ya 2016. Kizazi cha 1050 Ti kiliacha VGA, kwa hiyo ukikuta "1050 Ti" yenye tundu la VGA mgongoni, shtuka. Washa GPU-Z, programu ya kutambua kadi. Matoleo yake ya tangu 2018 hukuandikia kabisa neno FAKE mbele ya jina. Piga picha ya kioo hicho na umpe mteja, hiyo ndiyo itamrudishia hela yake.

Mteja aliyetoka Chunya au Tukuyu usimruhusu aondoke na mashine iliyowaka dakika tano. Funga ubavu, ipe kazi nzito saa nzima, tazama joto. Nyuzi 60 hadi 70 na kitu ni sawa, ikiganda juu ya 85 kagua vumbi na feni. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar na feni inabeba joto kidogo, ila baridi yetu inafidia.

Yule kijana wa harusi nilimlipia nauli ya kadi, kwenda na kurudi. Bado ni mteja wangu. Akileta mashine, kabla hajakaa huniuliza leo natumia waya upi.