Donge Lililogoma na Sweta Lenye Matundu

Barua za mara hii karibu zote zimeletwa na baridi. Nimezisoma mezani, bakuli langu la bluu lenye ukingo uliobanduka likiwa pembeni na donge la unga wa mkate ndani yake, na nimezijibu huku nikilichungulia.

*Shikamoo Shangazi. Miezi yote ya joto mkate wangu uliumuka vizuri. Tangu baridi ianze, donge linalala tu kwenye bakuli. Nimebadilisha hamira mara mbili, nimeongeza kipimo, wapi! Saa moja ikipita natia kwenye oveni na kutoa tofali. Nakosea nini? – Nimechoka Kukanda*

Marahaba, mwanangu. Hamira yako ni nzima, na hiyo uliyoitupa huenda nayo ilikuwa nzima. Inayokuangusha ni ile saa moja.

Hamira ni kiumbe hai, na baridi humpunguzia mwendo. Jikoni penye nyuzijoto 25 hadi 27, donge la kawaida hujaa maradufu kwa kama saa moja. Jiko likishuka mpaka 17, donge hilohilo linaweza kutaka saa mbili na nusu, hata tatu. Aliyeandika maelekezo ya mkate wako alikuwa jikoni kwake, na joto la jiko lake hakukuandikia.

Anza na maji. Wengi hutumia maji ya vuguvugu wakadhani kazi imeisha, lakini unga uliokaa kabatini usiku kucha ni wa baridi, bakuli la udongo ni la baridi zaidi, na vyote viwili hulinyonya lile joto kabla hamira haijaamka. Suuza bakuli kwa maji ya moto, likaushe, ndipo utie maji yenye nyuzi 35 hadi 40, yaani yale ambayo ukichovya kidole unahisi joto lakini huna haja ya kukitoa. Usivuke hapo kwa papara: maji yanayokaribia nyuzi 60 huiua hamira, na hamira iliyokufa haina dawa.

Kisha litafutie donge kitanda. Mimi hulitia ndani ya oveni iliyozimwa, chini yake nikaweka sufuria ya maji yaliyotoka kuchemka, nikafunga mlango. Maji yakipoa nabadilisha. Usiliweke juu ya hita. Nimelifanya hilo, na chini donge lilianza kuiva huku juu likiwa baridi kama jiwe.

Sasa utajuaje kuwa limeumuka, kama saa haiaminiki? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili lilibadilisha mikate yangu yote. Ukimaliza kukanda, kata kipande kidogo cha donge, ukibonyeze ndani ya gilasi nyembamba iliyonyooka, ukifunike, na ufunge mpira wa kubania noti mahali kilipofikia. Iweke gilasi kando ya bakuli. Kile kipande kikifika mara mbili ya pale ulipofunga mpira, na donge kubwa limefika. Bakuli hudanganya macho kwa sababu limepanuka juu, gilasi haidanganyi. Ukishaufinyanga mkate na kuuacha uumuke mara ya pili, ubonyeze kwa kidole chenye unga. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole na kuacha alama, washa oveni.

Kuongeza hamira si suluhisho. Utaharakisha mambo, ni kweli, lakini mkate utanuka hamira na ladha itakuwa nyepesi. Kama huna subira ya mchana, itumie baridi yenyewe: kanda jioni, funika vizuri, tia kwenye friji yenye nyuzi 4, ulale. Asubuhi donge litakuwa limeumuka taratibu na limejijengea ladha ambayo mkate wa saa moja hauipati. Na kama unapenda mdalasini, usiukande mwingi ndani ya unga, maana huidhoofisha hamira. Upake katikati unapokunja.

*Shangazi, nikitia mayai kwenye siagi na sukari, mchanganyiko unakatika kama maziwa yaliyoharibika, na keki inatoka nzito. Pia nimejinunulia chombo cheusi cha kuokea, kizuri sana, lakini keki inaungua pembeni kabla katikati haijaiva. – Mama wa Watatu*

Mayai yako yametoka kwenye friji moja kwa moja, sivyo? Siagi laini ikikutana na yai la baridi huganda tena, na maji ya yai yanajitenga. Yatie mayai na maganda yake kwenye bakuli la maji ya vuguvugu kwa dakika kumi kabla ya kuyavunja. Siagi ikate vipande vidogo uvitandaze kwenye sahani; ikiwa tayari, kidole kitaacha alama bila kung'aa mafuta. Usiiyeyushe. Unapoipiga na sukari unaingiza hewa, na siagi iliyoyeyuka haiwezi kuishika hewa hiyo. Mchanganyiko ukikatika hata hivyo, tia kijiko kimoja cha ule unga uliokwisha kuupima, endelea kupiga, utashikana.

Kuhusu chombo, nakielewa kilivyokuvuta, nami ninavyo viwili. Rangi nyeusi hupokea joto upesi kuliko bati linalong'aa. Punguza oveni kwa nyuzi 10 hadi 15, na anza kuiangalia keki dakika kumi kabla ya muda ulioandikwa.

*Shangazi, nimekuta sweta la mtumba la rangi ya haradali, zito, lenye vifungo vya mbao. Lebo imekatwa. Kwenye kiwiko kuna matundu mawili madogo. Dada yangu anasema nimeokota takataka. Nilihifadhi au nilitupe? – Mpenda Haradali*

Lihifadhi, mwanangu, na matundu hayo ndiyo yanayonipa imani. Viwavi vya nondo hula sufu, hawali akriliki tupu, yaani uzi wa kiwandani, kwa hiyo huenda walikusomea lebo. Ukitaka uhakika, chomoa uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani, ushike kwa kibanio juu ya sinki na uuguse moto. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kipunje kigumu. Usikiguse kikiwa cha moto.

Kabla halijaingia kabatini pamoja na nguo zako nyingine, lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na ulitie kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Baridi hiyo huua viwavi na mayai yaliyobaki. Kisha lifue kwa mkono, maji yasizidi nyuzi 30, bila kusugua wala kukamua. Lizungushie taulo kavu, ulikandamize, halafu ulilaze juu ya taulo jingine likauke. Nasema hivi kwa uchungu: nilikuwa na sweta la kijivu, zawadi ya mama, nikalitia maji ya moto siku moja nikiwa na haraka. Nyuzi zilishikana, likabaki la kumtosha mtoto wa miaka minne. Bado ninalo.

Matundu usiyafiche. Yashone kwa uzi wa sufu wa rangi nyingine kabisa, bluu iliyokolea au nyekundu ya tofali, uufume kama jamvi dogo juu ya kiwiko. Kwenye haradali litapendeza kuliko sweta zima la dukani. Na litakufaa kuliko unavyodhani: sufu inaweza kunyonya unyevunyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaanza kuhisi kuwa imelowa, ndiyo maana hukutia joto hata hewa ikiwa na ukungu. Ila ukiingia jikoni, kunja mikono juu ya viwiko. Donge likikaukia kwenye sufu, kulitoa ni kazi ya jioni nzima.

*Mkate niuweke kwenye friji ili usichakae? – Mwenye Haraka*

Hapana. Mkate huchakaa upesi zaidi kwenye friji kuliko mezani, kwa sababu wanga wake hukakamaa haraka kwenye baridi ile. Ukate vipande, uutie kwenye friza, utoe unavyohitaji na kuvichoma vikiwa bado vimeganda.

*Shangazi, nimealikwa nyumbani kwa rafiki. Nina sahani ya zamani yenye maua ya dhahabu, nzuri ajabu. Nataka kumpelekea biskuti juu yake, na sahani abaki nayo. – Mgeni wa Jumamosi*

Zawadi nzuri hiyo, ila sahani za zamani zilizopakwa rangi huweza kuwa na risasi, madini yenye sumu, kwenye tabaka lake linalong'aa, hasa palipokwanguka. Mpe kama pambo la ukutani na umwambie wazi isitumiwe kulia chakula. Biskuti zitie kwenye kopo la bati lililotandikwa karatasi ya kuokea, ulifunge kwa kitambaa cha pamba anachoweza kukitumia baadaye. Ziache zipoe kabisa kwanza. Mvuke ukibaki ndani ya kopo, zitakuwa zimelainika kabla hujabisha hodi.