Bakuli la bibi lenye maua ya waridi: rangi kuinuka si dalili ya ufeki

Mleta mada, umesema bakuli uliloachiwa na marehemu bibi yako lina maua ya waridi ambayo ukipitisha kidole unayahisi yameinuka, dhahabu ya ukingoni inafutika, na mnunuzi mmoja kakwambia ni feki kwa kuwa kauri ya kweli ya Mchina ni ya bluu na nyeupe. Tafadhali usimuuzie kwa maneno hayo. Kazi yangu ni kusafisha na kuunga vyombo vya zamani, na hizo dalili mbili nimezikuta mara nyingi kwenye vyombo halisi kabisa.

Ile bluu ni madini ya kobalti. Huchorwa kwenye udongo kabla haujachomwa, ikafunikwa kwa ule ung'avu wa kioo, kisha vyote vikaingia pamoja kwenye moto wa nyuzi 1,300 hivi. Rangi hubaki chini ya kioo, kidole hakiifikii. Rangi ya waridi haistahimili moto huo. Kwa hiyo chombo huchomwa kwanza kikiwa cheupe, kikipoa fundi huchora juu ya kioo kwa unga wa kioo chenye madini ya risasi uliotiwa rangi, kisha hukirudisha kwenye tanuri dogo, nyuzi 700 hadi 800. Unga unayeyuka na kushika pale pale juu. Dhahabu ya ukingo huja mwisho, kwa moto mdogo zaidi, na ndiyo ya kwanza kuondoka kwa kuoshwa na kushikwa.

Chukua lenzi utazame petali moja karibu na dirisha. Kwenye kazi nzuri utaona nyeupe nzito imelazwa chini, nayo hupata uzito wake kwa madini ya aseniki, na juu yake waridi imevutwa kwa brashi hadi ikafifia. Waridi yenyewe inatokana na dhahabu, chembe ndogo mno zilizotawanyika ndani ya kioo. Mimi sijachoka kuitazama. Wachina waliimudu mwishoni mwa utawala wa mfalme Kangxi, aliyefariki 1722, ikastawi chini ya mwanawe Yongzheng (1723–1735). Padri Mjesuiti d'Entrecolles, aliyeishi Jingdezhen, mji wa China wa mafundi wa kauri, aliandika mwaka 1712 kwamba chombo kimoja hupita mikononi mwa mafundi sabini. Baadaye vyombo vingi vyeupe vilitolewa Jingdezhen vikapelekwa kuchorwa kwenye bandari ya Guangzhou, karibu na meli za wageni.

Hapo ndipo naona chanzo cha dhana ya huyo mnunuzi. Sisi wa pwani tumezoea vipande vya vyombo vya magofuni, na mji kama Gede, ule wa karibu na Malindi, ulihamwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya waridi hii kubuniwa. Lazima vipande vyake viwe vya kijani na vya bluu. Vyombo vya maua vilikuja baadaye, vikakaa majumbani.

Kuhusu muhuri mwekundu ulio chini, ambao umeambiwa ni wa Qianlong, mfalme aliyemfuata Yongzheng: usiutegemee. Mihuri ya wafalme iliendelea kuandikwa kwenye vyombo vya karne ya 19 na ya 20. Bakuli likiwa na neno "China" kwa herufi za Kizungu, huenda ni la miaka ya 1890 au baada ya hapo, maana sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka. Bakuli la karne ya 19 lililotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje bado ni mali ya kutunzwa.

Sasa matunzo, na hapa nakusihi. Usitie jiki, usisugue kwa steelwire, usiweke ndani ya maikrowevu. Aliyekushauri ndimu na siki kakupoteza: asidi huila rangi yenye risasi, ikapoteza mng'ao. Kwa sababu hiyo hiyo usilitumie kulia achari wala mchuzi wa ukwaju. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, na beseni lililotandikwa taulo vinatosha. Dhahabu usiisugue kabisa.

Ukipata nafasi weka picha tatu: ua moja kwa karibu, ukingo, na kitako chote pamoja na duara la udongo lisilo na ung'avu. Kitako ndicho nitakachokitazama kwanza.