Maswali ya Wasomaji: Chama cha Dai Moja Kikishapata Kilichokitaka

Barua za safari hii kutoka mikoa ya kusini zimezunguka jambo moja: watu waliojikusanya kwa ajili ya dai moja tu, dai likikubaliwa, wafanye nini na chama chao? Tumechagua tano.

Ndugu wahariri, salaam. Sisi ni wakulima wa korosho. Tunafikiria kuanzisha chama cha siasa chenye dai moja: sehemu ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje irudi kwa mkulima, na iandikwe kwenye sheria. Mzee mmoja hapa kijijini anasema tukishaipata tutasambaratika. Ni kweli?
*Mkulima, Tandahimba*

Mzee wenu anaona mbali, ila kuna kizingiti kinachotangulia hicho anachokiona. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inataka chama kinachoomba usajili wa kudumu kiwe na wanachama wasiopungua 200 wenye sifa za kupiga kura katika kila mkoa, kwenye mikoa isiyopungua 10, na kati ya hiyo mmoja uwe Unguja na mwingine Pemba. Usajili wa muda una siku 180, na ndani ya siku hizo majina yawe yamekamilika.

Pigeni hesabu. Mtwara na Lindi ni mikoa miwili. Ongezeni Ruvuma kwa sababu ya Tunduru, kisha Pwani na Tanga: mitano. Mitano iliyobaki mtaitafuta kwa watu ambao korosho si riziki yao, na Pemba mtamkuta mkulima wa karafuu mwenye madai yake. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanakusanya majina 1,500 Newala na Tandahimba, daftari linajaa, wanafurahi, kumbe kwa hesabu ya sheria huo ni mkoa mmoja tu. Tena sheria hairuhusu chama kinachopigania eneo moja la nchi. Kwa hiyo dai lenu itabidi liandikwe kwa mazao yote ya biashara, na mkishaliandika hivyo mmekwishaacha kuwa chama cha dai moja kabla hata ya kupata cheti.

Sasa tuje kwa mzee. Anachosema ni kweli kwa sehemu. Vyama vya namna hii husambaratika zaidi pale vinapodhani sheria ikipitishwa kazi imekwisha. Nyinyi mna mfano nyumbani. Asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje ilikuwa imetengwa kisheria kwa ajili ya kuendeleza zao, na 35 ikienda Hazina. Sheria ya Fedha ya 2018 ikaelekeza fedha yote Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walilia bungeni, lakini hapakuhitajika kugusa Katiba. Bajeti moja ya Juni ilitosha. Ushindi ulioandikwa kwenye sheria ya kawaida hufutwa na sheria ya kawaida.

Waliolielewa hilo vizuri ni wafanyabiashara na wenye viwanda wa Manchester, Uingereza. Miaka ya mwisho ya 1830 waliunda umoja wa kupinga sheria zilizotoza ushuru nafaka kutoka nje na kumpandishia bei mla mkate. Viongozi wake waliojulikana zaidi ni Richard Cobden na John Bright. Mwaka 1846 Waziri Mkuu Robert Peel akazifuta sheria hizo, akakigawa chama chake mwenyewe kwa uamuzi huo. Ushuru ulipunguzwa hatua kwa hatua hadi 1849. Umoja ulijivunja 1846, lakini kwa masharti: uovu ukirudi, nao unarudi. Mwaka 1852 ilipoingia serikali iliyohofiwa kurudisha ushuru, wakaitana upya. Watu walikuwa wanafahamiana na walijua pa kuanzia.

Kwa hiyo, mkiamua kuendelea, andikeni kifungu cha ukomo kwenye katiba yenu tangu siku ya kwanza, wakati hakuna mwenye cheo cha kukilinda. Kifungu kiseme ushindi utathibitishwa kwa kitu gani (si tamko la waziri, ni fedha iliyoonekana kwenye pembejeo au malipo). Kiseme mtasubiri muda gani baada ya hapo. Sisi tungesema misimu miwili kamili ya minada. Na kiseme ni nani analazimika kuitisha mkutano wa kuamua, hata kama mwenyekiti hataki.

Kwa maoni yetu, dai hili linabebeka vizuri zaidi na AMCOS zenu (vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima) na chama kikuu cha ushirika, mkawabana wagombea wa vyama vyote kwa maandishi. Ushirika haufi dai likipatikana, kwa sababu kesho yake kuna salfa, dawa ya mikorosho, ya kugawa na magunia ya kupima.

Nafundisha uraia. Mwanafunzi kaniuliza: TANU iliundwa kudai uhuru, uhuru ukapatikana 1961, mbona haikufa?
*Mwalimu, Nachingwea*

Mwalimu, mwanafunzi huyo apewe nafasi ya kuuliza zaidi. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, ikashinda viti 70 kati ya 71 mwaka 1960, na bendera ikapandishwa 9 Desemba 1961. Wiki sita baadaye, Januari 1962, Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akarudi kukijenga chama.

Sababu yake inafundishika darasani. Chama kikishika serikali, watu wake bora wanachukuliwa na serikali. Katibu aliyekuwa anaendesha baiskeli kutoka tawi hadi tawi anakuwa ofisa mwenye meza na mshahara. Tawi linabaki na bendera na mtu wa kufungua mlango. Aliyelipa ada kwa ajili ya uhuru anajiuliza analipia nini tena. Jibu la TANU lilikuwa kutoa kazi mpya yenye jina fupi: Uhuru na Kazi, na vita dhidi ya maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na 5 Februari 1977 TANU na ASP ya Zanzibar zikavunjwa zote mbili ili kuunda CCM.

Mwambie mwanafunzi na upande wa pili. Tangu 1965 TANU ilikuwa chama pekee halali Tanzania Bara. Chama kisicho na mshindani hakipimwi na kura kama kina kazi au hakina, kwa hiyo kudumu kwake peke yake hakuthibitishi kwamba jibu lilikuwa sahihi. Kinachofaa kuigwa ni kule kujiuzulu: kiongozi kuona ndani ya wiki sita kwamba chama kinakauka, akaacha cheo kikubwa akakifuata.

Chama cha UKIP cha Uingereza kilipata kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, kisha nikasikia kimepotea. Nini hasa kilitokea?
*Mwanafunzi wa chuo, Mikindani*

UKIP kiliundwa 1993. Katika uchaguzi mkuu wa 2015 kilipata kura karibu milioni 3.9, asilimia 12.6, lakini kiti kimoja tu, kwa kuwa kule mbunge hupatikana kwa jimbo na kura zao zilitawanyika nchi nzima. Nguvu yao haikuwa bungeni. Ilikuwa ni kuwatia hofu wabunge wa chama cha Conservative. Tarehe 23 Juni 2016 upande wa kujitoa ukashinda kwa takriban asilimia 52. Nigel Farage akajiuzulu uongozi siku chache baadaye, aliyemfuata Diane James akakaa siku 18, na 2017 kura zikashuka hadi asilimia 1.8 bila kiti hata kimoja.

Conservative walikuwa wameichukua bidhaa. Mwenye duka kubwa akianza kuuza unachouza wewe, mteja hana sababu ya kupita kwenye kibanda chako.

Angalia lakini kilichofuata. Kura ilipigwa 2016, nchi haikutoka. Tarehe iliyopangwa ya 29 Machi 2019 ikapita. Farage akaja na chama kipya, Brexit Party (yaani Chama cha Kujitoa Umoja wa Ulaya), na Mei 2019 kikaongoza uchaguzi wa Bunge la Ulaya nchini humo kwa viti 29. Nchi ikatoka 31 Januari 2020. Safari hii hawakusubiri kuporomoka: Januari 2021 jina likabadilishwa kuwa Reform UK, wakaweka mkazo kwenye suala la uhamiaji, na 2024 wakapata takriban asilimia 14 ya kura na viti vitano. Jina la zamani lilikuwa limebeba dai lenyewe, na dai likiisha jina linakuwa mzigo. Anayeanzisha chama leo asikipe jina la dai lake.

Kwa nini wakishashinda tu wanaanza kugombana?
*Msomaji, Lindi Mjini*

Kwa sababu dai ndilo lililokuwa gundi. Kenya, FORD, umoja wa wapinzani, iliundwa 1991 kudai vyama vingi. Desemba mwaka huohuo kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja, kikafutwa. Swali lililobaki likawa moja: nani agombee urais? 1992 wakagawanyika, FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba, na Desemba Rais Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Kura nyingi zaidi zilikuwa za wapinzani wake, zimegawanyika.

ODM, chama kingine cha Kenya, walikwenda njia nyingine. Walitokana na kampeni ya Hapana ya Novemba 2005, alama ya chungwa dhidi ya ndizi, ya kukataa rasimu ya katiba. Nao waligawanyika 2007, ODM na ODM-Kenya, lakini walikuwa na wabunge, matawi na kazi inayofuata: urais na katiba mpya, iliyopatikana Agosti 2010. Mgawanyo wa vyeo na kazi inayofuata vikipangwa kabla ya ushindi, ugomvi unakuwepo lakini chama kinabaki.

Umoja wetu tuliuanzisha kudai barabara. Barabara imejengwa. Akaunti ina fedha, mwenyekiti kashika mhuri na hataki kuitisha kikao. Tunafungaje bila kugombana? Na je, vyama vya siasa navyo hufungwa hivyohivyo?
*Mjumbe wa kamati, Kilwa Masoko*

Anzeni na katiba yenu, kifungu cha mkutano mkuu. Katiba nyingi huruhusu sehemu fulani ya wanachama kuitisha mkutano kwa maandishi mwenyekiti akikaa kimya. Kusanyeni saini hizo, pelekeni nakala kwa katibu na nyingine kwa mamlaka iliyowasajili: kikundi cha kijamii ni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri; mkisajiliwa kwa bodi ya wadhamini ni RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini); AMCOS ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kwa chama cha siasa ni Msajili wa Vyama vya Siasa, na mali inashikwa na bodi ya wadhamini, haishikwi na mwenyekiti.

Kabla ya mkutano, fungueni kabati la ofisi mbele ya mashahidi watatu na mhesabu. Mara nyingi mtakuta mhuri, bendera, kadi ambazo hazijauzwa, na vitabu vya risiti. Vitabu hivyo ndivyo vitakavyowasemea. Pangeni kwa namba, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Namba ikiruka, kitabu kimepotea au kimefichwa. Mfano: zilichapwa kadi 600, zimebaki 188, basi zimeuzwa 412, kwa ada ya shilingi 2,000 lazima kuwe na shilingi 824,000 kwenye vishina vya risiti na kwenye hati za benki. Pengo lolote liandikwe kwenye muhtasari kama lilivyo, bila kumtaja mtu kuwa mwizi. Mkianza na tuhuma, funguo za kabati hazitaonekana tena.

Mkutano uamue mambo matatu kwa kura na yaandikwe: madeni yalipwe kwanza, kuanzia pango la ofisi na mlinzi, fedha inayobaki iende pale katiba inaposema, na kumbukumbu zitunzwe na nani. Msigawane fedha mfukoni kabla ya kusoma katiba, kwani nyingi hazikubali. Na kama barabara yenyewe bado haijavuka masika moja, subirini. Kalvati hujulikana mvua ikishanyesha. Na mkandarasi akiwa bado ndani ya kipindi cha kurekebisha kasoro, umoja wenye mhuri husikilizwa kuliko mwananchi mmoja mmoja.

Kwa chama cha siasa kuna jambo zaidi. Ibara ya 71 ya Katiba inamwondolea kiti mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, na mgombea binafsi haruhusiwi. Chama kikivunjwa katikati ya muhula, wabunge na madiwani wake wako hatarini, na wananchi waliowachagua wanabaki bila mwakilishi. Kwa hiyo chama kingoje mwisho wa muhula. Hesabu zake nazo hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu, basi msiteketeze karatasi yoyote.

Mwisho kabisa, nendeni benki na muhtasari uliosainiwa mkabadilishe watia saini kabla ya kutoa hata shilingi, kisha laini ya simu inayopokea michango ifungwe siku hiyohiyo. Laini hiyo husahaulika, na watu huendelea kutuma fedha kwa namba wasiyojua inashikwa na nani.