Re: Kwanini mapaja yanauma kesho yake baada ya kuruka?

Mkuu, umeuliza kama hayo maumivu ya kesho yake ni asidi imebaki kwenye misuli. Hapana, hiyo asidi ya laktiki (ile misuli inayotengeneza ukifanya mazoezi makali) inaondoka ndani ya saa moja hivi ukishapumzika. Kinachokutesa ni kule kutua, sio kupaa, maana ukitua misuli ya paja inavutwa huku imekaza ili usidondoke, sasa ukirudia mara nyingi nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo, mwili unaanza kuzikarabati na ndo maana maumivu yanapanda taratibu, yanakuwa makali kati ya saa 24 na 72 halafu yanaisha yenyewe. Utaona kwenye ngazi, kupanda freshi tu, kushuka unashikilia ukuta.

Usilale kitandani siku nzima, tembea taratibu, kula protini, na usingizi usiuchezee kabisa. Kuruka tena subiri siku 2 au 3 na uanze na mara chache, misuli inazoea haraka, awamu ijayo haitauma kihivyo. Ila ukiona mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi au goti limevimba, nenda hospitali leo leo.