Mashine inajuaje kwamba huyu ni sato na yule ni sangara?

Mkuu, umeuliza jambo ambalo wengi hulipita: programu ikikuandikia "sato, 97%", imeangalia nini hasa? Nitakujibu kwa kazi niliyofanya hapa Mwanza, ya kutenganisha picha za sato na sangara za mnunuzi mmoja wa samaki pale Mwaloni, Kirumba.

Kwanza hiyo 97% isikutishe. Modeli ya kawaida ya aina hii, yaani programu iliyojifunza kutokana na picha zenye majina, hugawa asilimia 100 kati ya majina iliyofundishwa tu. Ipe picha ya Jiwe la Bismarck, lile jiwe la ziwani hapa Mwanza, itakuchagulia sato au sangara, na huenda ikafanya hivyo bila wasiwasi wowote.

Ndani, picha hupita tabaka kwa tabaka, yaani hatua za hesabu zinazofuatana. Za mwanzo hushika kingo na rangi, zinazofuata hushika mistari na magamba, za mwisho maumbo makubwa. Hakuna aliyeiambia kwamba mkia wa sato una mistari ya wima, au kwamba kichwa cha sangara kimebonyea juu ya macho. Hujitafutia chochote kinachotenganisha makundi hayo katika picha ilizopewa. Chochote!

Sangara wa picha nilizoletewa karibu wote walikuwa kwenye barafu, ndani ya kreti za bluu. Sato walilazwa juu ya meza za mbao. Majaribio yalitoa alama nzuri mno, mnunuzi akafurahi. Mimi nikachora ramani ya joto, yaani rangi juu ya picha ambapo nyekundu ni sehemu zilizochangia zaidi jibu, kwa Grad-CAM, mbinu iliyotoka 2017, na wekundu wote ukakaa kwenye barafu. Si kituko cha huku kwetu tu: mwaka 2016 mtafiti Marco Ribeiro na wenzake, wakieleza LIME, mbinu yao ya kueleza majibu ya modeli, walifundisha makusudi modeli ya kutenganisha mbwa wa husky na mbwamwitu, nayo ikawa inafuata theluji.

Grad-CAM hupima kila ramani ya tabaka la mwisho la konvolusheni (tabaka linalochuja picha kipande kwa kipande; kila ramani yake huonyesha umbo fulani limeonekana wapi) inachangia kiasi gani alama ya "sangara", huzijumlisha kwa uzito huo, kisha hubakiza zile sehemu tu zinazovuta upande wa sangara. Kwa ResNet-50, modeli ya picha inayotumika sana, na picha ya pikseli 224 kwa 224, matokeo ni miraba 7 kwa 7 tu, iliyotanuliwa ikafunika picha nzima. Kwa hiyo mtu akikuonyesha doa jekundu na kudai modeli "inaangalia jicho", usimkubalie haraka.

Tena ramani ya joto husema wapi, haisemi kwa nini. Mimi naamini zaidi njia ya zamani kidogo, waliyoitumia watafiti Zeiler na Fergus: funika kipande cha picha kwa mraba wa kijivu, soma asilimia, hamisha mraba, soma tena. (Mraba wenyewe ni kitu kigeni kwa modeli, kwa hiyo jaribu na rangi nyingine pia.) Nilipofunika barafu, sangara akageuka sato. Nilipombandika sato kwenye kreti ya bluu, akaitwa sangara.

Tukapiga picha upya, sato kwenye barafu na sangara mezani, nyingine Igombe kwa simu tofauti. Alama zilishuka na mnunuzi alinuna, lakini wekundu ulihamia kichwani na mkiani. Kwako wewe, kabla ya kugusa modeli, tazama kwanza nyuma ya vitu kwenye picha zako.